Matanga ya Jerop, Ambaye Alikuwa Hai

Rafiki yangu, nakuambia wewe kwa sababu najua utanisikiza kwanza ndio unicheke: mimi ndio nilitangaza kanisani kifo cha msichana wa jirani yangu, na huyo msichana hakuwa amekufa.

Hapa Kimumu watu wananijua kwa mambo ya mvua. Tangu nianze masomo ya jioni (ngumbaru, sema tu, nimezoea) na mwalimu wa jografia atufundishe kupima mvua, niko na kopo nyuma ya nyumba, kila asubuhi nasoma, natuma kwa grupu yetu ya watu wa hali ya hewa, wengi ni wakulima wa Moiben, na nikisema mahindi itoke shambani kabla ya Alhamisi, watu wanatoa. Sasa hiyo wiki kimbunga kilikuwa kinaelekea mji mmoja wa pwani kule Msumbiji, na grupu yote tunakifuata kwa picha za setelaiti kama watu wanaangalia mpira, "kimegeuka," "hapana, kinarudi," na Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia. Na nilijua Jerop, binti ya Mama Jerop tunayepakana naye ua, anafundisha shule huko huko.

Jumamosi kikaingia mji. Simu ya Jerop ikawa haishiki. Jumapili tukienda ibada, mtu akatuma kwa grupu picha ya shule imelala chini, mabati ya kijani yamekunjika kama karatasi, na shule ya akina Jerop ilikuwa na mabati ya kijani. Basi. Ushahidi wangu ulikuwa huo tu.

Wakati wa maombi pasta akauliza nani ako na ombi. Ningesema tumwombee Jerop, nikae. Lakini nilisimama, nikaona watu wote wamenigeukia, nikasema, "Mungu amfariji Mama Jerop, shule imeangukia walimu wote." Mama Jerop alikuwa benchi ya pili. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama Njeri, una uhakika?" na mimi, mbele ya kanisa nzima, nikasema ndio.

Si unatujua. Kufika saa nane kina mama wako kwake na sukari na unga, godoro imetandikwa sebuleni, hema imesimamishwa nje, wazee wanaongea vile mwili utasafirishwa. Mama Jerop kwa godoro akisema kichwa inamuuma, tukamwambia ni huzuni, kunywa chai. Jioni mkono wake ukaangusha kikombe, mdomo ukaenda upande, na mimi niliona, nikaendelea kuimba, nikidhani ni kulia. Tulipomfikisha hospitali usiku, walisema ni stroki, yaani kiharusi, na tumechelewa kumleta.

Jumatatu simu ya Mama Jerop, ile iliachwa nyumbani, ikalia nikashika. Ilikuwa Jerop kwa namba ngeni, yeye na wenzake walikuwa wamejificha kwa kanisa la mawe siku mbili. Akasikia nyimbo nyuma yangu. "Nani amekufa huko?" Baba yake mdogo akachukua simu, akaongea naye kidogo, akakata, akaniangalia.

"Mama Njeri, huyu mtoto ulimwona wapi amekufa?"

"Kwa simu, mzee."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

Hakuna mtu alicheka. Mama mmoja akaanza kukusanya vikombe polepole. (Ile picha, nikakuja kujua, ilikuwa ya nchi nyingine kabisa, kimbunga cha miaka mingi nyuma.)

Jerop alikuja. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Si ungeomba tu, Mama Njeri." Sasa kila asubuhi naenda kumsaidia kuosha mamake na kumkanda mkono. Ulimi haujarudi. Ananiangalia tu, na kama amenisamehe sijui, na siwezi kumuuliza kwa sababu hawezi kunijibu.

Nimeapa mbele za Mungu, shida ya mtu sitaitangaza tena mpaka watu wake waniambie kwa mdomo wao. Na wewe, tafadhali pitishia wenzako hii, sana sana wale wa magrupu. Lakini itume vile iko, usiongeze kitu.