Mjane Anayesafiri Alhamisi

Mume wangu alikufa na simu imejaa chaji. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, na mpaka leo linanikasirisha. Walipomvua shati pale zahanati, simu ilikuwa mfukoni, inawaka vizuri. Alikuwa ameichaji asubuhi ile kwa jirani mwenye sola, kama alivyofanya kila asubuhi tangu tufike kambi ya Dzaleka, kwa sababu ofisi ya wakimbizi ingeweza kupiga wakati wowote kuhusu dosye yetu, yaani faili letu la kwenda kuishi ng'ambo, na mtu akiitwa asipatikane, basi kajiharibia mwenyewe. Kambi nzima inaamini hivyo. Nani alilisema kwanza sijui, na sijakutana na anayejua.

Nyumbani Uvira huyu mtu hakuwa wa kukaa. Alifanya biashara ya vitenge, leo yuko Bujumbura, keshokutwa Kigoma, wiki ijayo unasikia yuko Kalemie. Nilipoolewa mama yangu alinitania kwamba nimeolewa na begi. Halafu vita vikatutoa, tukapita nchi za watu mpaka Malawi, tukapewa nyumba ya udongo Dzaleka, tukafungua dosye, na begi likapanda juu ya kabati likakaa huko.

Lilongwe si mbali na sisi. Ukitoka asubuhi unafika jua halijawa kali. Lakini mume wangu hakwenda, hata siku binamu yake alipofunga ndoa huko, mtaa wa Kawale. Nilikuwa namwambia twende tukatembee tu, tuone watu wengine, tule kitu ambacho sijapika mimi. Ananijibu kwa Kiswahili chetu cha Uvira, "Na bakiita?" Namwambia simu inabebeka, haikupandwa. "Na bakisema ufike leo leo?" Hapo nilikuwa narudi kwenye cherehani, kwa sababu na mimi niliogopa. Mimi nikashona, yeye akakaa kitini mlangoni na simu juu ya paja. Miaka ikapita hivyo, mpaka presha ikamwangusha hapo hapo mlangoni.

Matanga yalikuwa ya heshima. Akina mama wa kanisa walilala kwangu juu ya mikeka, kwaya iliimba, watu wa Fizi na wa Bukavu walikuja hata ambao hatukuzoeana. Yalipokwisha, familia ilikaa uani. Mdogo wake marehemu, shemeji yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alitoa simu iliyokuwa imefungwa kwenye kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ni shamba la baba yao.

"Sasa we njo utakala na simu," alisema. "Usiende mbali. Ya kwanza, uko mu kilio. Ya pili, batakuita. Mutoto anangojea."

Mtoto ni binti yangu, yuko sekondari, na ndoto zake zote ziko kwenye hiyo dosye. Na kilio ni kilio. Kwetu mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, wala hasafiri mpaka familia ikae tena kumtoa. Desturi hiyo siidharau. Nilipokea simu nikasema ndiyo.

Nikakaa. Nikaanza kuichaji asubuhi. Nikawa naifuta kioo kwa ncha ya kitenge, naenda nayo pale penye mtandao mzuri kando ya ukuta wa kanisa, narudi. Wateja wa nguo wakinisemesha, sikio moja liko kwao na jingine liko kwenye simu. Siku moja binti yangu alitoka shule akasimama akaniangalia, kisha akasema taratibu, "Mama, umekalia kiti ya papa."

Hakuwa ananilaumu. Lakini nilijiangalia, na kweli, kiti ni kile cha baba yake, mlango ni ule, simu iko pajani. Nilikasirika nikaiweka chini nguo ya mteja. Nilikasirikia simu, nikakasirikia ofisi, na Mungu anisamehe, nikamkasirikia na marehemu. Mtu aliyejua bandari zote za Ziwa Tanganyika, tumemzika hajaona hata barabara ya uwanja wa ndege, na ndege ndiyo aliyokuwa akiingoja. Mimi nikasema hapana. Kwangu mimi haitakuwa hivyo.

Nikachagua Alhamisi. Jumatatu ni ya kukata vitambaa, Jumanne ya kwaya, Jumatano ya maombi, Ijumaa na Jumamosi wateja wanataka nguo zao, Jumapili inajulikana. Alhamisi haikuwa na mwenyewe.

Kutoka kambini kunahitaji ruhusa. Kijana wa kugonga mhuri aliniuliza kwa Kichewa ninakwenda kufanya nini Lilongwe. Nikamjibu kwa Kichewa changu cha sokoni kwamba ninakwenda kutembea. Akasema kutembea si sababu, niseme hospitali, soko au maziko. Nikamwambia maziko nimekwishamaliza. Akaangalia kitambaa cheusi kichwani mwangu, akagonga mhuri.

Kosa langu lilikuwa begi. Nilishusha lile begi la marehemu kutoka juu ya kabati nikaliweka uani lipigwe jua, maana lilikuwa linanuka panya. Sasa, Dzaleka hakuna anayeanika begi bure. Waliopata ndege huficha safari mpaka siku ya mwisho kwa kuogopa macho ya watu, na kinachowatoa siri ni begi tu. Kabla sijamaliza kulifuta, jirani yangu alikuwa amekwishafika, kavaa vizuri kabisa, mama tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote.

"Mungu ni mukubwa," alisema, huku anachungulia ndani. "Ile sufuria kubwa ya matanga, uniachie mimi."

"Mi naenda Lilongwe, mama. Narudi mangaribi."

"Njo vile bote banasemaka." Akacheka, akanigusa bega. "Haina neno, sitasema ku batu. Na matela?"

Kufikia saa nne sufuria ilikuwa na wenyewe watatu, godoro wawili, na mmoja alikuwa anapima mlango wangu kwa mkono. Nilicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao wakadhani ni furaha ya ndege.

Aliyekasirika kweli ni shemeji. Alikuja akanikuta nimeshika begi, akasema ninatukana kaburi la kaka yake, na kama simu ikiita je? Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwekea simu mkononi, kwa mikono miwili, kama alivyonipa.

"Shemeji, kama ni lazima muntu akale na simu, we kala nayo. Leo ni zamu yako."

Akabaki amesimama nayo. Mimi nikapanda kabaza mpaka barabara kuu, kijana ananikokota kwa baiskeli yake na begi tupu la mume wangu likiwa mapajani mwangu.

Sitasema Lilongwe ni peponi. Unaingia kwa upande wa Kanengo, harufu ya tumbaku inakupokea kooni, halafu maghala na malori, halafu mji. Nilishuka kwenye basi nikatembea mpaka Kawale kwa miguu, sina ninayemtafuta. Nguo nyeusi sikuivua. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa bado ninamlilia. Sikuona kwa nini nimlilie penye kiti kimoja tu. Sokoni nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chakula. Akaniletea nsima, ndiyo ugali wa huko, na usipa, visamaki vile vidogo, sawasawa na ndagala za kwetu Uvira. Nilitia tonge moja mdomoni nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, na mate na kamasi. Kwenye matanga nilikuwa nimelia kama mjane anavyotakiwa, watu wakiangalia kama ninatosha. Hapa hakuna aliyenipima. Yule mama alisema "Pepani, amayi," yaani pole mama, akanisogezea maji, akaendelea kugawa nsima kwa wengine. Nilimaliza sahani yangu yote.

Basi ikawa hivyo. Si kila wiki, maana kazi ni kazi na ruhusa haitoki kila mara, lakini Alhamisi nyingi nilikwenda. Siku nyingine nilifika mtaa wa Biwi kuangalia mafundi wenzangu wanavyokata nguo. Siku nyingine nilikaa tu kwenye lile benchi. Kambini walisema mengi: nimepata bwana, nimechanganyikiwa, ninafanya dawa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza kwa upole ni nini hasa ninachokifuata huko. Nikamwambia ninafuata kwenda. Shemeji alishika simu kila Alhamisi, na ninajua ilimuuma, kwa sababu ndiyo siku wenzake walikuwa wanacheza dama.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo nilirudi jioni nikakuta viti vya plastiki uani kwangu.

Kwetu viti vya plastiki vikipangwa uani watu wakakaa kimya, maana yake ni moja. Niliwatazama mmoja mmoja. Niliona shemeji, nikaona mama jirani ameshika tama, nikaona wa kwaya. Sikumwona binti yangu. Niliangusha begi.

"Nani amekufa?"

Binti yangu akatoka ndani, macho yamevimba, na nilipomwona amesimama kwa miguu yake nilishika ukuta nikamshukuru Mungu.

"Dosye, mama," alisema. "Njo imekufa."

Simu ilikuwa imeita. Ofisi ilitaka mimi mwenyewe, nifike kabla hawajafunga. Shemeji alikimbia nayo kwenda ofisini, akawaambia yeye ndiye mkubwa wa familia, wakamrudisha. Alinitafuta kwa kila mtu mwenye ndugu Kawale. Hakunipata, na simu ya kunipata nayo alikuwa ameishika yeye mwenyewe mkononi.

"Kaka alikala hapa miaka yote," alisema. "Hakuenda ata fasi moja. We umeenda kula samaki."

Ila maneno yake hayakuniumiza kama kimya cha binti yangu, aliyezoa vitabu vyake mezani akaingia ndani bila kuniangalia. Nilimfuata. Nilimwambia kama nimemharibia maisha nitabeba mimi, na nitaomba msamaha kwake, si kwa hao waliokaa nje. Akaniuliza kama ningejua kwamba wataita siku hiyo ningekwenda? Nikamwambia ukweli: ningebaki. Lakini hakuna anayejua siku, mwanangu, na baba yako alitoa siku zake zote kungoja. Akafungua kitabu chake. Nilitoka nikawashukuru watu, nikawaomba warudishe viti kanisani.

Asubuhi tulikwenda ofisini watatu. Shemeji alivaa koti la maziko. Tulipangwa foleni, tukaitwa, tukakaa mbele ya afisa mmoja mwenye sura ya kuchoka, na mkalimani wake, dada wa Bukavu ninayemfahamu wa kanisani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, nimeyarudia njia nzima. Hakuyahitaji. Alisoma kwenye kompyuta yake, akasema kidogo, na yule dada akatafsiri.

"Anasema pole kwa kufiwa. Balikuita jana juu ya kukujulisha: kwa sababu mukubwa wa familia alikufa, dosye itaanza upya na jina yako. Hakuna kitu banaomba kwa sasa. Ungojee, batakupigia."

Nikamwomba arudie. Akarudia, maneno yale yale.

"Mupaka lini?" binti yangu aliuliza. Dada hakumgeukia hata afisa kumuuliza. Akatikisa kichwa.

Shemeji aliinamisha uso kwenye koti lake. Nilimhurumia, kwa sababu tuliyaelewa pamoja. Waliniita kuniambia ningoje. Kama mume wangu angeishi akaipokea simu ile aliyoichaji kila asubuhi, akavaa viatu vyake vizuri akakimbia mpaka kwenye kile kiti, wangemwambia angoje. Kwa ajili ya hilo hakwenda harusini Kawale. Niliwaka moto kifuani, na sikutaka uzimike.

"Mwambie asante," nilimwambia dada. "Mwambie nitangoja, kwa sababu mutoto wangu anataka. Lakini Alhamisi basipige. Alhamisi siko."

Alinikazia macho. "Mama, nimwambie ivyo?"

"Ivyo ivyo."

Shemeji alinyoosha mkono akanivuta kitenge. Kabla sijageuka, binti yangu aliushika ule mkono wa baba yake mdogo, akautoa kwenye nguo yangu, akaurudisha juu ya goti lake. Dada akasema kwa Kiingereza. Afisa akaacha kuandika, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akauliza kama nina hakika.

Nikamwambia kuhusu mengine yote sina hakika. Hilo nina hakika nalo.