Mwimbaji wa Chapati wa Karantina

Nyumbani alikuwa mwimbaji wa kantri. Si wa redioni wala wa studio, ni wa zile baa za Nyahururu ambako wanaume wazima hutokwa na machozi wakisikia gitaa. Alikuja Saudia kulinda mlango wa duka kule Sulimaniyah, Riyadh, kisha kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia Jeddah awe dereva wa familia. Kofia yake pana ya kuimbia aliiacha kwa mamake. Akaanza kupika chapati chumbani kwake katika mtaa wa Karantina, na haukupita muda mrefu kabla Wakenya wote wa mtaa wa Nuzha hawajazijua.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani hapo Nuzha. Ruhusa yangu ya kutoka ilikuwa moja tu, kutupa taka asubuhi. Akiwapeleka watoto wa kafili shuleni, alipita na kutundika mfuko msafi nyuma ya pipa letu, kando ya geti. Kisha alinitumia ujumbe wa sauti. Hakusema kwamba oda imefika, aliiimba. Chapati kumi na kopo moja la ndengu, aliziimba kwa sauti ya kuvuta, yenye majonzi, mpaka ungedhani ndengu zimefiwa. Nilicheka jikoni huku nimeziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Nikishasikiliza, nilifuta. Wasichana wote tulioagiza kwake tulifuta. Madam aliichukua simu yangu na kuipekua wakati wowote alipotaka, na sauti ya mwanamume akiniimbia ingenifukuzisha kazi siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja chapati zilikuja zimeungua. Madam alikuwa amenigombeza tangu alfajiri, na mimi ulimi wangu naujua. Nikamwandikia, "Chapo zimeungua. Punguza kuimba, upike."

Kesho yake ujumbe wa sauti ulikuwa mfupi. "Sista, chapo zako ziko kwa geti. Leo siimbi."

Huo sikuufuta, maana haukuwa na lolote la kumshtua madam. Nilijua nimemkosea. Nilipanga kumwomba radhi, nikaahirisha, kwa kiburi tu.

Siku nne baadaye alianguka chumbani kwake akikanda unga, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Walisema ni moyo.

Mamake alipata namba yangu kupitia mteja mwingine. Simu ya mwanawe ilikuwa imepotea, na yeye mama hakuwahi kumrekodi akiimba. Alitaka wimbo mmoja wa kuchezwa siku ya mazishi.

"Hata kipande, mwanangu," alisema.

Niliuliza kwenye grupu yetu ya wasichana wa Nuzha. Majibu yakaja moja baada ya jingine: nilifuta, nilifuta, mimi pia nilifuta. Niliketi kwenye stoo ya sabuni nikalia. Nilimchukia madam, kisha nikajichukia mwenyewe zaidi.

Nikamtumia mamake ule ujumbe mmoja niliokuwa nao. Naambiwa waliucheza kaburini kwa spika.

Sasa niko Riyadh, kwa madam mwingine asiyegusa simu yangu. Mama yule bado hunipigia kila Ijumaa. Juzi aliniuliza kwa nini siku ile mwanawe hakutaka kuimba.

Nikamwambia alikuwa na mafua.