Maziwa ya Anayepulizia

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa nyumbani, kabla sijaruhusiwa hata kusonga ugali, ilikuwa kuanika ovaroli ya baba. Baba alikuwa mpuliziaji dawa katika shamba kubwa la kahawa, upande ule wa Karatu unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Jioni alirudi amelowa mgongoni, pale bomba la dawa alilobeba lilipokuwa likivuja, nami nikaipokea ovaroli mlangoni na kuitundika kwenye waya uliopita juu ya mafiga. Asubuhi ilitakiwa iwe kavu, kwa sababu alikuwa na hiyo moja tu.

Nje kulikuwa hakukauki kitu. Anayeijua Karatu ya mwezi wa sita na wa saba ananielewa: ukungu unashuka kutoka msituni na kulala juu ya mabati hadi saa nne. Na kufua? Ilikuwa ile miaka ya mwanzo wa themanini, sabuni imepotea madukani. Mwenye duka pale mjini alikuwa akitikisa kichwa kabla hujamaliza kumsalimia. Kipande kilichopatikana kilikuwa cha sare zetu za shule. Basi ovaroli ilikaushwa, ikavaliwa, ikalowa, ikakaushwa tena. Ilitoa mvuke wenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na harufu hiyo tuliinywa pamoja na uji. Tuliiita harufu ya baba. Mungu anisamehe, niliipenda.

Aliyekaa chini ya waya ule kutwa nzima alikuwa mama. Pale alipika, pale alichambua maharage, pale alimnyonyesha mdogo wangu, na akishamaliza yote alivuta kigoda akashona. Alikuwa fundi wa kutarizi vitambaa vya meza. Wake za walimu walitoka hata kijiji cha Ganako kuja kumwomba awatilie ndege na maua, na ndege wa mama walikuwa na macho, si yale matone ya uzi wanayoweka wengine.

Sasa niseme habari ya maziwa, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Wapuliziaji wote waliamini kwamba maziwa hukata sumu. Nyapara aliwaambia hivyo. Yeye aliambiwa na nani, sijui. Kila jioni kikombe kikubwa cha bati kiliwekwa kando kwa ajili ya baba, hata pale ng'ombe wetu mmoja alipokuwa akitoa kidogo cha kuaibisha. Sisi watoto tulikunywa chai ya rangi. Mama hakuonja. "Haya ni ya anayepulizia," alisema, akafunika kikombe kwa sahani. Baba alikunywa kwa mkupuo mmoja, akajifuta masharubu, akatutania: "Ndani nimeshafuliwa, bado nje." Tulicheka. Hakuna aliyeuliza habari ya anayepumua.

Ilianza na sindano. Mama alishindwa kupitisha uzi, akanipa mimi, akacheka kwamba anazeeka mapema. Kichwa kilikuwa kikimgonga na macho yakimtoka machozi. Tukasingizia kuni mbichi. Mwaka uliofuata kope ya jicho ilikuwa ikirukaruka yenyewe, na ndege alionishonea kwenye foronya alitoka na mabawa yaliyopindana. Nilimcheka ndege yule. Kisha mikono yote miwili ikaanza kutetemeka, na akawa anasimama katikati ya chumba akiwa amesahau alichofuata. Kanisani walinong'ona kwamba ameonja pombe. Mama yangu, ambaye hata kimea cha pombe hakutaka kukigusa!

Jioni moja alikuwa akimpelekea baba kikombe chake. Kilimcheza mkononi, nusu ya maziwa ikamwagika sakafuni. Mimi, msichana mkubwa sasa, nilimfokea mbele ya wadogo zangu: "Mama, kuwa mwangalifu basi! Unamwaga maziwa ya baba! Unataka afe?" Alipiga magoti akafuta kwa upindo wa kanga, na mikono ile ikizidi kulieneza dimbwi. Nimefanya mabaya mengine maishani. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba wakati bwana shamba alipokuja Jumapili moja kutukusanya ghalani, wapuliziaji na familia zao, atufundishe habari za dawa. Alizungumza kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Sumu haiingii kwa mdomo tu, alisema, huingia kwa pumzi na kwa ngozi, kidogo kidogo, ikaenda kwenye mishipa ya fahamu. Maziwa hayaizuii. Nguo ya kupulizia isilale mnamolala, na isikaushwe jikoni hata siku moja. Wanaume waliguna. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na mikono yangu iliyotundika ovaroli ile miaka yote nikaikalia.

Nilikimbia nyumbani, nikaing'oa ovaroli pamoja na waya wake, nikaitupa nje kwenye ukungu. Baba, ambaye hakuwa amekuja ghalani, alinifuata kwa ukali, nikamweleza huku nikilia. "Mbona mimi mzima?" aliuliza. Kisha akamtazama mama. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema huenda ni dawa ile, huenda kuna kingine, hawezi kuapa. Cha kumpa hakuwa nacho. Jioni ile baba alikisogeza kikombe mbele ya mama. Mama akakirudisha. "Kunywa wewe," alimwambia. "Wewe ndiye unayepulizia."

Baba aliacha kazi msimu huohuo, akalima maharage yetu. Haikumsaidia mama. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini alikuwa ananiita kwa jina la dada yake, lakini saa ya maziwa hakuisahau. Kila jioni alijaza kikombe cha bati, akakishika kwa mikono miwili, akavuka chumba akimwaga njia nzima. Alimpita baba aliyekaa kwenye kigoda, akasimama mlangoni akitazama kule kwenye kahawa. "Baba yenu leo amechelewa," alisema.

"Nimerudi, mama watoto," baba alijibu. Alikipokea kilichobaki akanywa, na mimi nikachukua tambara nikafuta sakafu.