Kabichi Zangu na Kikombe cha Marehemu Yakobo

Nimekosa, ndugu yangu unayenisoma. Nimekosa nikiwa mzee wa kanisa, mwenye mvi, niliyewafundisha wengi habari za subira. Jina langu liache. Hapa Njombe walionicheka siku ile wananijua, nao wanatosha.

Mke wangu ana shimo la majani nyuma ya nyumba. Hukusanya majani makavu, huyamwagia maji, huyageuza, huyafunika, kisha huyaacha. Yakioza vizuri huwa meusi na laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Hiyo ndiyo mboji, na kabichi huipenda kama mtoto anavyopenda uji wa maziwa.

Nami nilitaka kabichi! Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na mwaka ule mnada wa sadaka ulikuwa wa kununulia mabati ya nyumba ya mwinjilisti wetu, aliyekuwa akilala na wanawe chini ya nyasi zinazovuja. Nikasimama mbele ya usharika nikatamka, "Mabati niachieni mimi na kinyungu changu." Kinyungu ni bustani yetu ya bondeni, penye maji hata kiangazi.

Nilipofika nyumbani nikachungulia shimo. Majani bado yalikuwa majani.

"Mama, mboji iko wapi?"

"Inaoza, Baba. Au unataka kuiombea ioze upesi?"

"Kabichi hazisubiri!"

"Basi zifundishe. Si wewe mwalimu wa subira?"

Nilikasirika. Ndipo nikakumbuka makaburini.

Kwetu kitu cha makaburini hakitoki. Ukuni haukotwi, tunda halichumwi. Kwa hiyo chini ya miti ya pale majani yalikuwa yameoza miaka na miaka bila kuguswa. Nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya watu wa kale. Mimi Mkristo naogopa nini? Lakini ona ujanja wa moyo! Kama sikuogopa, mbona nilikwenda wakati wenzangu wako kwenye mazoezi ya kwaya, na kikapu cha mboji nikakifunika kwa kanga ya mke wangu?

Kabichi zilikua, jamani! Wapita njia walisimama kuzitazama. Hata bwana shamba, yule Mwingereza, alizipapasa akauliza siri yake. Nikamjibu, "Ni neema." Ee Mungu, nisamehe na hilo!

Siku ya mnada, mnadi alikuwa shemeji yangu Elia wa Makambako, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hunitania hata msibani. Kabichi nilizileta na mizizi yake zisinyauke. Elia akainua ile kubwa kuliko zote, akaitikisa watu waone uzito. Udongo ukadondoka, na ndani yake kitu kikagonga jiwe: ting! Mkono wa kikombe cha bati, wa buluu.

Sote tuliujua. Kwetu marehemu huwekewa kikombe chake juu ya kaburi, na kile cha buluu kilikuwa cha Yakobo, mume wa Bibi Tabita.

"Shemeji," akasema Elia, "kabichi hii umeilima au umeifufua?"

Watu wakacheka, wengine wamejiziba midomo. Lakini alipoanza kunadi, hakuna aliyetaja bei. Nani ale kilichotoka kaburini? Nikamwona mwinjilisti ameinamisha kichwa. Mabati yake yalikuwa yanapotea kwa sababu yangu! Nikasimama, nikaeleza yote, mpaka habari za kanga.

Bibi Tabita akainuka polepole na fimbo yake. Nilijua atanilaani. Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi.

"Yakobo hakuwahi kunilimia kabichi alipokuwa hai," akasema. "Leo amekumbuka. Nileteeni hiyo."

Kisha akanigeukia. "Na mkono wa kikombe urudishe, mzee. Siku zote hizi anakunywa chai kwa taabu."

Kanisa zima likaangua kicheko, na bei zikaanza kutajwa kila upande. Mabati yalipatikana, Mungu ashukuriwe.

Adhabu yangu iliningoja nyumbani. Mke wangu alinipeleka kwenye shimo lake. Lo! Mboji ilikuwa imeiva, nyeusi, laini. Nikafurahi kama mjinga.

"Jaza kikapu," akasema.

"Nipeleke kinyunguni?"

"Kwa Yakobo, Baba. Na kanga yangu iache hapa."

Nilibeba mchana kweupe, kikapu wazi, mpaka shimo likawa tupu. Kila niliyekutana naye aliniuliza marehemu wamepanda nini mwaka huu.

Ndugu yangu, ukitaka mboji, kusanya majani yako mwenyewe, uyaache yaoze kwa wakati wake. Usiwaibie waliolala. Wao wamesamehe yote, lakini wajane wao wanavijua vikombe!

Mwaka huu nimechimba shimo langu. Jana nilichungulia. Majani bado ni majani. Nimelifunika, nikaenda zangu.