Filta ya Nyuma ya Droo

Kwa miezi minne jirani yangu aliniambia kwamba gari langu linamuua mama yangu, na kwa miezi minne nilimcheka. Si kwamba nina roho mbaya. Yeye ni Mgogo, mimi Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu babu zetu wapagazi walipokuwa wakipita kwao na mizigo kuelekea pwani. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, nawe huruhusiwi kununa. Ubaya wake ni kwamba hata akisema kweli, unaipokea kwa kicheko.

Mama anakaa nami hapa mtaa wa Ipuli tangu alipoacha kulima. Kila Jumapili nilimpeleka kanisani kwa gari langu dogo, na kwa sababu ya vumbi la kiangazi nilifunga vioo vyote na kuwasha AC. Kabla hatujafika mtaa wa Cheyo alikuwa ameshaanza kukohoa. Akishuka, alisimama kwanza ameshika mlango mpaka pumzi imrudie. Hospitalini walimpima, wakampa dawa ya kifua, wakasema umri nao umo. Nilikubali upesi mno.

Jirani, ambaye ni muuguzi mstaafu, alikuwa akituona tukirudi. Alisema gari langu linanuka panya, na kwamba Mnyamwezi amezoea kubeba mizigo begani, ukimpa gari analigeuza ghala. Nilimjibu kwamba babu zake waliwatoza babu zangu hongo, ule ushuru wa njia, kwa ajili ya maji ya kunywa njiani, kwa hiyo asinifundishe habari za hewa. Tulicheka sana. Mama, akiwa ndiyo kwanza ameshuka garini, naye alicheka, halafu akakohoa.

Mwezi wa nane Mama aliacha kwenda kanisani. Alisingizia magoti. Wiki hiyohiyo alinipa kitenge chake cha kina mama wa kanisani, kipya, hakijakatwa bado, akasema nishone mimi, yeye nguo anazo za kumtosha. Nilimshukuru, nikakipeleka kwa fundi cherehani. Nakumbuka nilichagua mikono mifupi.

Jumamosi moja jirani alipiga hodi. Hodi yenyewe ilinishangaza, maana siku zote huingia huku akizisema vibaya sufuria zangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Mdogo wangu, leo sitanii," alisema. "Hapa nyumbani mama hakohoi. Anakohoa ndani ya gari. Lifungue hilo gari."

Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba fundi wangu huipuliza filta kwa upepo kila anapomwaga oili. Akaniuliza, filta ipi. Tuliangalia video kwenye simu, tukajifunza kuwa ziko mbili: moja ya hewa inayoingia kwenye injini, nyingine ya hewa tunayoivuta sisi, na hii ya pili imejificha nyuma ya droo ya mbele ya abiria. Nilikuwa nimelimiliki gari lile miaka sita. Nilikwenda mjini kwenye duka la vipuri, nikataja aina ya gari na mwaka wake, nikarudi na filta mpya.

Nilitoa kwenye droo kadi ya gari, vitabu viwili vya nyimbo, tochi, na mfuko wa karanga uliotoboka, ambao sikumbuki niliuweka lini. Ukizibana kuta za droo kwa ndani, inashuka yote. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba chenye vibanio viwili. Jirani alinifunga kanga puani, akajifunga na yeye, akamwambia Mama akae mbali.

Filta haikutaka kutoka. Niliivuta kwa hasira, ikaja na nyumba ya panya: maganda ya karanga, majani makavu, sponji la kiti, manyoya na mavi, vyote vimegandamana na vumbi jekundu mpaka karatasi ya filta haionekani. Panya mwenyewe alikuwa ameshahama. Niliona aibu sana. Nilikuwa nikifunga vioo ili kumkinga mama yangu na vumbi la barabarani, kumbe namfungia humo na uchafu ule unampulizia usoni.

Jirani alikuwa na kila haki ya kunitania. Alinishikia tu mfuko wa taka.

Tulifuta ndani kwa kitambaa na maji ya dawa, tukasubiri pakauke. Filta mpya ina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Niliiweka juu chini, nikaitoa, nikaiweka tena. Tukaacha feni izunguke milango ikiwa wazi mpaka jua likapungua.

Kesho yake nilimwomba Mama tuzunguke mpaka mtaa wa Chemchem tu. Aliketi ameshika leso mdomoni. Nilifunga vioo, nikawasha AC, nikaendesha polepole huku namsikiliza yeye kuliko injini. Tulifika Chemchem, tukageuza. Alikunja leso, akaiweka mapajani.

"Kumbe lilikuwa gari," alisema.

Nikaitikia.

"Mimi nilijua nakufa."

Kisha akauliza kitenge chake kiko wapi. Nikamwambia nimeshakishona.

"Basi kifumue. Jumapili ijayo nakivaa mimi."

Jioni nilikaa barazani na wembe, nikifumua mshono mmoja baada ya mwingine. Mimi ni mnene kumpita, kitambaa kingetosha. Jirani akapita, akasimama, akasema Wanyamwezi ni watu wa ajabu, wanashona nguo ili wapate cha kufumua. Safari hii nilimsikiliza vizuri kwanza, ndipo nikacheka.