Ndeke Anararia Mayai

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule, hapa Kiganjo, akatupa begi kitandani akaniambia ana homuwaki. Mwalimu wao anataka kila mtoto alete kiota cha ndege. Na ukipata chenye mayai, leta na mayai, wayaone vizuri darasani.

"Shosho, ni ya kesho. Usiniambie hakuna."

"Hakuna."

"Rafiki yangu babake ametuma mtu wa boda boda mpaka mashamba ya huko chini. Ameletewa na mayai tatu ndani."

"Na mama ya hayo mayai?"

"Mama gani?"

"Aliyeyataga."

"Ai, shosho! Si huyo ni ndege tu."

Nilimwambia hatabeba kiota kutoka nyumba hii, na mwalimu wake akitaka kujua sababu aje aniulize mimi. Mtoto alilia, akakataa chai, akaniambia roho yangu imekauka kama githeri ya jana. Nikamwacha aseme. Wewe unayesoma hii, sio kukauka. Iko mahali iliachwa, na mahali penyewe wacha nikuambie.

Ukienda Kamakis leo kula nyama, jua umeketi juu ya kahawa. Kabla ya barabara ya Bypass, kabla ya maghorofa na zile taa zote, upande ule wa Ruiru ulikuwa shamba moja la kahawa mpaka macho yachoke. Sisi tulizaliwa ndani yake, kwa laini. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi, chumba mgongo kwa chumba, mfereji mmoja wa maji kwa watu wote. Asubuhi nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwa mti, na mama zetu wakatoka na madebe na vitambaa kichwani. Harufu ya pale sijawahi kuipata tena. Ilikuwa ya maganda ya kahawa yanayochacha kule kiwandani, tamu na kali pamoja, inakaa kwa nguo hata ukifua. Na moshi wa kuni za kahawa, na viazi vitamu vikichomwa kwa jivu, na turungi, chai bila maziwa, yenye sukari kidogo ya kuchungulia tu.

Nasari ya shamba, shule ya watoto wadogo, ilikuwa stoo ya zamani ya magunia. Mwalimu wetu hakuwa na cheti. Alikuwa bibi ya mfanyakazi mmoja, walitoka magharibi, na alipewa hiyo kazi kwa sababu alijua kusoma na hakupiga watoto. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mkubwa sana kwa nasari, lakini mama alinitaka nikae hapo nimwangalie mdogo wangu wa miaka sita. Ndiyo shule niliyosoma. Yale mengine nilikuja kuokota kwa gumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa na watoto wangu.

Kitabu hatukuwa nacho hata kimoja. Mwalimu akafanya ua kuwa kitabu. Nasari ilikuwa imezungukwa na ua wa kaiyaba, ile miiba mirefu yenye matunda ya njano, machachu mpaka jicho linafunga lenyewe. Ndani ya kaiyaba ndege walijenga kwa wingi kwa sababu paka hawezi kuingia. Mwalimu alimgawia kila mtoto kiota chake. Asubuhi, kabla ya uji, tulizunguka na yeye mmoja mmoja, mikono nyuma ya mgongo, na mtoto anasimama mbele ya kiota chake anatoa habari.

Hukuruhusiwa kunyoosha kidole. Kwao mwalimu walisema yai likinyooshewa kidole linaharibika, na kwetu Wakikuyu pia tuliambiwa hivyo hivyo juu ya malenge machanga, kwa hivyo hakuna aliyebisha. Ulionyesha na ngumi. Ukisahau, unang'ata kidogo hicho kidole, kisha unaendelea.

Na lugha yetu! Mwalimu hakuweza kusema ndege. Alisema "ndeke". Sisi nasi hatukuweza kusema analalia, tulisema "anararia". Yeye akisema, "Semeni: ndeke analalia mayai," sisi tunaitikia kwa sauti moja, "Ndeke anararia mayai!" Alicheka mpaka anashika kiuno. "Haya, mimi nimewaharibia mbele, nyinyi mmeniharibia nyuma. Ndeke mwenyewe ataelewa."

Alitufundisha vitu ambavyo nimeishi navyo. Kwamba kile kiota kizembe cha njiwa, vijiti vichache tu mpaka unaona mayai ukiwa chini, sio uvivu, ndivyo anavyojua. Kwamba mayai ya njiwa ni mawili, meupe, na baba na mama wanapokezana kuyalalia. Kwamba yule ndege wa mkia mrefu anayetambaa kwa miti kama panya analala na wenzake wakiwa wamekumbatiana. Kwamba yai ni mtoto anayengoja, na kitu kinachomuua haraka ni baridi. Kwamba ukiweka yai la ndege mwingine chini ya kuku mwenye joto, anaweza kulalia bila kuuliza ni la nani. Mdogo wangu alipenda hiyo. Aliirudia nyumbani mpaka mama akamwambia, "Na wewe nenda ulaliwe na kuku basi, nipumzike."

Kiota cha mdogo wangu kilikuwa cha njiwa.

Ile wiki mvua ilikuwa imekatika na wanaume walikuwa wakipiga kahawa dawa, bomba mgongoni. Dawa iliyobaki ilitakiwa kwenda kumwagwa kwa shimo, kule ng'ambo ya kiwanda. Ni mbali. Siku hiyo ya Ijumaa nilisikia kwa masikio yangu, tukiwa ndani na vikombe vya uji, nyapara akiwaambia, "Mtatembea mpaka shimoni kwani mna miguu ya kukopa? Malizieni hapo kwa kaiyaba."

Mwalimu alitoka mbio. "Nyapara! Hapa kuna watoto!"

"Mwalimu, wewe fundisha a-e-i-o-u. Kahawa niachie mimi."

"Hiyo si kahawa, ni ua wa shule."

"Ua ni wa shamba. Hata wewe ni wa shamba."

Wanaume walicheka, na bomba zikaendelea kulia fss, fss. Mwalimu akaziba dirisha na gunia. Kisha akatupanga mstari, akatuambia mmoja mmoja, akitushika kidevu: hakuna kusogea karibu na ua mpaka mvua inyeshe iuoshe. Hakuna kiota. Hakuna tunda. Umesikia? Nikasema nimesikia. Mdogo wangu akasema amesikia.

Mvua haikunyesha. Jumatatu mwalimu alienda ofisini kuchukua unga wa uji, akaniachia mimi darasa kwa sababu ndimi mkubwa. Nikageuka kidogo, mdogo wangu hayuko. Nilimkuta nyuma, amechuchumaa chini ya kaiyaba, mikono nyuma ya mgongo vile tulivyofundishwa. Mbele yake njiwa amelala, shingo imepinda, na mwingine hatua mbili kando.

"Wamekufa wote wawili," akaniambia. "Sasa nani atayararia?"

Ningesema twende. Ningemvuta mkono. Lakini mimi pia nilikuwa mwanafunzi wa yule mwalimu, na mayai yalikuwa pale juu, meupe, yakipata baridi. Na nyumbani mama alikuwa na kuku anayelalia, ndani ya karai chini ya kitanda. Nani alimtaja huyo kuku kwanza, mimi au yeye, sikumbuki. Najua tu tuliingia ndani ya ua. Kaiyaba huwezi kutoka bila mikono miwili, mmoja wa kusukuma mwiba na mwingine wa kulinda macho. Kwa hivyo kila mmoja wetu alichukua yai akaliweka mdomoni, kwa shavu. Mdomoni kuna joto.

Langu lilikuwa chungu. Sio uchungu wa mwarobaini, ni uchungu kama wa kulamba msumari, na ulimi ukaanza kulala. Kabla hatujapita meza za kukaushia kahawa nilikohoa, likaanguka, likapasuka. Mdogo wangu akasimama. Macho yake yalikuwa yanatoa machozi na mate yanamtoka pembeni. Akaweka mkono chini ya kidevu, anataka kutema na yeye.

Nikamwambia, "Usiteme! Usifungue mdomo. Limebaki hilo moja tu."

Akatingisha kichwa kwamba sawa.

Tulitembea katikati ya kahawa. Nilimpangusa mate na gauni langu. Nilimwambia tumekaribia. Alianza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mzima, mara mguu huku, mara kule. Mbele ya mfereji wa laini akaanguka. Mama mmoja jirani alikuja na kijiko kumfungua meno, yalikuwa yamekaza. Yai lilitoka zima.

Wakamwekea maziwa, yakarudi. Trekta ya shamba ikaletwa, mama akaruka juu na mtoto mapajani, waende hospitali ya Thika. Walikuwa hawajafika Juja, akakata roho. Mimi nilitapika siku mbili, nikapona.

Sasa sikiliza vile watu wakubwa wanavyofanya kazi. Meneja alikuja nasari na karani mwenye kitabu. Mama yangu alisimamishwa hapo, na nyapara nyuma, kofia mkononi kama mtu wa kanisa. Meneja akaniuliza kwa upole, kama baba.

"Mtoto, nani aliwafundisha habari ya mayai ya ndege?"

"Mwalimu."

"Alisema kuku anaweza kulalia yai la ndege mwingine?"

"Ndiyo."

"Karani, andika."

Mwalimu akasema, "Muulize habari ya dawa. Muulize nilimwambia nini siku ya Ijumaa."

"Mama, tumemaliza," meneja akamwambia.

"Hujamaliza. Mtoto, waambie."

Watu wote wakaniangalia. Nyapara pia. Nilijua kila kitu. Nilijua fss, fss, nilijua gunia kwa dirisha. Lakini nilijua pia kwamba nikianza kuvuta hiyo kamba, mwisho wake wataniuliza: na kwa nini wewe ulitema na yeye hakutema? Nikaangalia miguu yangu. Karani akafunga kitabu. Mama yangu akatoa sauti ambayo sitaiandika, akamrukia mwalimu, wakamshika.

Walipewa siku mbili kutoka kwa laini, mwalimu na mume wake. Siku ya kuondoka mkokoteni ulipita mbele ya mlango wetu, godoro, sufuria na ubao wa nasari ambao alikuwa ameununua mwenyewe. Mama alitema mate njiani. Mwalimu akasimama hata hivyo, akainama nilipokuwa nimeketi, akanishika kidevu. Akasema polepole mama asisikie, "Wewe ulitema. Ulifanya vizuri kutema." Kisha akafuata mkokoteni. Sijamwona tena. Mtu aliniambia walirudi kwao, mwingine akaniambia alionekana Kisumu akiuza mboga.

Walikata ule ua mwezi huohuo. Nasari ikarudi kuwa stoo. Sisi tukahamia Kiandutu, mtaa wa Thika, mama akawa anafua nguo za watu, na huko Kiandutu kila mtu aliyetoka shamba letu alijua hadithi moja: kulikuwa na mwalimu mjinga aliyefundisha watoto kula mayai ya ndege, akaua mmoja. Mpaka leo nikikutana na mtu wa zamani ananiuliza, "Si nyinyi ndio mwalimu aliwaulia mtoto?"

Basi niandike, kwa sababu hakuna mahali pengine imeandikwa. Aliyemuua mdogo wangu ni nyapara, kwa uvivu wa kutembea mpaka shimoni. Alizeeka, akawa mzee wa kanisa, akazikwa kwa heshima na kwaya mbili. Aliyemuua ni meneja, aliyeuliza maswali mawili na kuogopa la tatu. Ni karani, ambaye alikuwa ofisini Ijumaa ile, dirisha wazi, na alisikia kelele ile kama sisi. Mwalimu hakumuua mtu. Mwalimu ndiye peke yake aliyesimama mbele ya bomba. Na mimi nimo kwa hiyo orodha, ila mimi sikuandikwa.

Shamba lenyewe halipo. Mfereji, meza za kahawa, laini, hata ile harufu, yote imelaliwa na simiti. Nimesimama pale Kamakis mara mbili kutafuta mahali alipoangukia, nikakuta watu wanaosha magari.

Mama alikufa miaka mitatu iliyopita, kwa chumba chake Kiandutu, mchana, nikiwa nimemshika. Miaka yote hiyo alikuwa na swali moja. Alikuwa akiliuliza tukichambua maharagwe, tukianika nguo, ghafla tu: "Njiani alisema nini?" Alitaka neno la mwisho la mtoto wake, na aliyekuwepo ni mimi. Nilimwambia alikuita wewe, mami. Alisema "mami, mami". Mama alikuwa anatulia, kisha anamlaani mwalimu, kisha tunaendelea na maharagwe. Hata siku ile ya mwisho aliniuliza, na nikamwambia hivyo hivyo. Ningemwambia ukweli ningemwondolea mwalimu laana, lakini ningemnyang'anya mama lile neno, na ningebaki mimi wa kulaaniwa.

Hakuita mtu. Hakusema kitu chochote. Njia yote alikuwa amefumba mdomo, shavu limejaa, ananiangalia mimi, akingoja nimwambie sasa tema.