Niliondoka na Sanda ya Bi Somoe

Mimi ni mwizi wa sanda. Nimeanza na hilo ili asiyetaka kuendelea aishie hapa.

Nilifika Lindi kutoka Songea miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota. Tulipanda juu ya lori la mahindi, tukakwama kwenye tope Tunduru, tukasukuma, tukakwama tena kabla ya Masasi. Nilishuka mtaa wa Mtanda nimeganda tope mpaka masikioni, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia.

Bi Somoe, mjane wa Kimwera, akanipangisha chumba. Aliposikia nilikotoka akamwita binti yake kwa sauti: "Zuhura, fungia kuku, Mngoni kaingia!"

Wangoni na Wamwera ni watani. Nikamjibu, "Kuku wenyewe wamekonda kama mwenye nyumba." Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nilikula kwake kama mwanawe. Nimezunguka miji mingi baadaye, sijapata tena samaki wa nazi kama wake.

Rajabu, mwenzangu wa kuuza mitumba, ndiye aliyekuwa akienda Dar kufuata mzigo. Safari moja akarudi na kokeni ndani ya karatasi ya sigara. "Kaka, hii siyo bangi. Haina harufu, haina mazoea. Ukitaka kuacha unaacha."

Muongo mkubwa! Nami mjinga kumzidi, maana niliamini kila kitokacho nje ni kizuri, kama mashati tuliyouza.

Mara ya kwanza nilijiona mfalme wa soko. Niliita wateja bila kuchoka, sina njaa, sina usingizi, moyo unadunda kama ngoma. Muda si muda nikaporomoka, nikataka tena. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kukufanya utake tena. Marobota yakaisha, redio ikaenda, pua ikaanza kutoka damu. Nikawa namshuku kila aliyenitazama.

Bi Somoe aliiona ile damu. "Mngoni, kufa upesi nile ubwabwa wa matanga yako." Kisha akaniletea uji.

Akafa yeye kwanza.

Msibani mtani ana kazi. Huvuruga, hudai, hupora kitu mpaka apewe chochote, ili watu wapate kucheka katikati ya kilio. Nilipoinyakua bafta ya sanda, ua mzima uliangua kicheko. Jirani mmoja akapaza sauti, "Mkamateni, marehemu asije kuzikwa na gauni la mitumba!" Zuhura alicheka huku machozi yanamtoka. "Nenda, lakini urudi upesi. Mama anakungoja."

Nilinuia kuishia mlangoni. Lakini sikuwa nimepata unga tangu juzi, na mwili mzima ulikuwa unadai. Miguu ikapitiliza mpaka kwa Rajabu. Aliikagua bafta kama anavyokagua mashati, akanipa karatasi yangu.

Na wao waliningoja! Kila aliyesema nimeiba alijibiwa, "Ni mtani huyo, atarudi." Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Mwishowe majirani wakachangishana bafta nyingine, Bi Somoe akazikwa jua likizama.

Nina hasira mpaka leo. Na Rajabu, na ule unga, na mimi mwenyewe kuliko vyote. Kuacha kulinichukua miaka, mji baada ya mji, na hata sasa nikiona unga wa ngano umemwagika mezani, pua inaniwasha. Wewe unayeambiwa uonje tu, utaacha ukitaka: nami niliambiwa. Anayekuambia hivyo mkimbie, hata kama mmekua pamoja. Ukingoja kuona madhara kwanza, utayaona ukiwa tayari umewaibia wanaokupenda.

Siku niliyoihama Lindi nilipita pale kwa marehemu na begi langu. Nilitaka nitukanwe. Zuhura alikuwa anafagia, kuku wake wanadonoa barazani.

"Leo hamfungii kuku?" nikamwuliza.

Hakucheka. Aliweka ufagio chini, akawaingiza ndani mmoja mmoja, akafunga mlango.